Pumzi ya Mkaanga Samaki

Nilitoka kwenye foleni ya sabuni nikiwa mtu wa tisa kutoka mlangoni. Aliyeishi Dar es Salaam miaka ile atajua kwamba hilo halikuwa tendo la mtu mwenye akili timamu. Sabuni ilikuwa imeingia duka la ushirika la mtaani kwetu, Kariakoo, baada ya kutoweka wiki tano. Tulijipanga tangu alfajiri, wengine wakiweka mawe na vikapu vya kuwashikia nafasi, na mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa amenipa hela nimchukulie na yeye miche miwili. Mtu wa tisa, na mlango umeshafunguliwa! Nikatoka. Nyuma yangu watu walisogea haraka kuziba pengo, wasije wakanipa nafasi ya kujuta.

Kilichonitoa kilikuwa sauti. Ngoma ilikuwa inapita barabarani kwenda kumchukua bibi harusi, wanawake wamejifunga khanga sare, na mbele yao mtu mmoja mwembamba alikuwa anapuliza zumari. Zumari nililijua tangu utotoni, wala halikuwa jambo la kumfanya mtu aache sabuni. Ila mimi mwenyewe nilikuwa mpuliza ala, na wapuliza tuna tabia moja mbaya: tukimsikia mwenzetu hatusikilizi wimbo, tunasubiri avute pumzi. Tunataka kujua ataikatia wapi, na ataificha vipi. Nikamsubiri yule bwana akate pumzi. Akafika kwenye kona, hakukata. Akapinda kona, hakukata. Nikajikuta nimeshatoka kwenye mstari, namfuata.

Niliwafuata mpaka Gerezani kwa kuzungukia Mnazi Mmoja, na njia nzima sauti ile haikukatika hata mara moja ila pale alipotaka mwenyewe. Nikarudi nyumbani adhuhuri mikono mitupu. Mama mwenye nyumba alikuwa ananisubiri barazani.

"Sabuni iko wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nimefuata zumari. Akasema, "Basi nguo zako utazifulia hilo zumari," akaingia ndani.

Nieleze nilikuwa nani wakati huo, maana bila hivyo wazimu wangu hautaeleweka. Nilikuwa mpiga klarineti wa bendi ya kiwanda cha nguo. Enzi hizo kila shirika la umma lililojiheshimu lilikuwa na bendi yake, na wanamuziki tulikuwa waajiriwa kama fundi mitambo au mhasibu. Mimi sikuajiriwa kwa muziki. Niliingia kiwandani kama mpakiaji, na miaka miwili nilibeba marobota ya vitambaa kwenye bohari lisilo na dirisha, vumbi la pamba likinijaa puani. Huko hakuna aliyekuita hata jina. Msimamizi alikuwa anapaza sauti tu, "Wewe wa robota!" na sote tunageuka.

Klarineti ndiyo iliyonitoa. Nilijifunza shule ya misheni, kwetu kusini, kwa mtawa mmoja mkali ambaye alikuwa anapita nyuma yetu na kutubonyeza mashavu kwa vidole viwili kila yalipovimba. Kwake yeye shavu lililovimba lilikuwa dhambi. Miaka sita alinibonyeza, na nikatoka pale na mashavu magumu kama ubao na sauti safi. Bendi ya kiwanda iliponisikia ilinitoa bohari siku hiyo hiyo. Nikapewa shati la bendi lenye kola pana na nikaitwa jina langu. Sikuwa tayari kurudi kule, na niliposikia kwamba huenda nikarudi sikulala vizuri wiki nzima.

Habari hiyo ililetwa na mwalimu mpya wa bendi, mstaafu wa bendi moja ya brasi, mtu mnyoofu wa mgongo na wa maneno. Alitukusanya kwenye bwalo la chakula akatuambia kwamba uongozi umepunguza nafasi. Wapuliza ala za mbao, kama zinavyoitwa hata zikiwa za shaba, tulikuwa watatu, mimi na wapiga saksafoni wawili. Nafasi zilibaki mbili. Kila mmoja wetu achague ala ya pili ajifunze, na mwisho wa mwezi atatupima. Atakayeshindwa atarudi alikotoka. Mimi nilikotoka kulikuwa bohari.

Kwenye stoo kulikuwa na ala mbili zisizo na mwenyewe, saksafoni ya tenori na fluti. Kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote, mwalimu akanipa mimi kuchagua kwanza. Kila mtu alinishauri saksafoni. Vidole vyake vinafanana na vya klarineti, na mpiga saksafoni ndiye anayesimama mbele, ndiye anayeangaliwa na akina dada. Lakini saksafoni, kama klarineti, inataka ridi, kile kijiti bapa cha tete kinachotetemeka mdomoni, na ridi zilikuwa zinatoka Ulaya, na mwaka ule kutoka Ulaya hakikuwa kinakuja hata kiberiti. Mimi nilibakiwa na ridi tatu, moja imepasuka, nazifunga kwenye kitambaa kama dhahabu. Fluti haina ridi. Unapuliza ukingo wa tundu basi. Nikapiga hesabu zangu za mtu wa mjini, nikasema fluti. Mwalimu akaiandika kwenye daftari lake, nikaondoka na boksi lake jeusi kwapani, najiona mjanja kuliko wote.

Boksi lilikuwa na siku nne chini ya kitanda nilipotoka kwenye foleni ya sabuni.

Kumpata yule bwana wa zumari hakukuwa kazi. Nilimuuliza mpiga ngoma mmoja, akacheka. "Yule? Nenda Feri, ulizia mkaanga samaki mwenye aproni ya gunia." Jumatatu asubuhi nikaenda, maana mazoezi ya bendi yalikuwa yanaanza mchana. Nikamkuta mbele ya karai kubwa la mafuta, mtu wa miaka kama arobaini, amevaa kweli aproni iliyoshonwa kwa gunia la unga, mikono imejaa alama za mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kibua au changu?"

"Sikuja kwa samaki, kaka. Nimekuja kwa zumari."

"Zumari haliuzwi. Kibua au changu?"

Nikanunua kibua. Nikamla nimesimama pale pale, nikamwambia mimi ni mpuliza klarineti na nimemfuata Jumamosi toka Kariakoo mpaka Gerezani sijamsikia akivuta pumzi. Hakuonyesha kufurahi. Aligeuza samaki wake wote mmoja mmoja, akapangusa mikono, ndipo akaniuliza ninafanya kazi na nani. Nikamtajia kiwanda. Akaanza kupangusa mikono upya, akasema, "Kesho njoo na bua la jani la papai. Refu."

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mpapai. Nikakata jani, nikalitoa, nikabaki na lile bua lenye uwazi katikati, ambalo watoto wanalichezea. Kesho yake akaniketisha kwenye kreti kando ya karai lake, akaniwekea ndoo ya maji, akanionyesha. Ncha moja ya bua mdomoni, ncha nyingine majini. Unapuliza, maji yanatokota. Kazi ni moja tu: maji yasinyamaze.

"Mpaka lini?" nikauliza.

Akaweka kibua kwenye mafuta. "Mpaka nimgeuze huyu."

Nikavuta pumzi yangu yote ya misheni, nikapuliza. Nilidhani nafanya vizuri. Maji yakanyamaza hata harufu ya samaki haijatoka. Akanitazama kwa huruma kidogo, akanieleza siri ambayo kumbe haikuwa siri kwa yeyote mwenye zumari. Pumzi inapokaribia kwisha, unajaza mashavu. Halafu unayafinya mashavu yatoe ile hewa, na wakati yanatoa, wewe unavuta nyingine kwa pua. "Mashavu ndiyo ghala," alisema. "Mapafu yakienda kununua, ghala linauza."

Ghala! Na mimi nilikuwa nimetumia miaka sita kulibomoa.

Sijui kama mtu asiyepuliza anaweza kuelewa ilivyoniuma. Kila nilipojaribu kuvimbisha mashavu nilihisi vidole vya mtawa. Maji yaliingia puani, nikakohoa, nikalowa kifua. Wakaangaji wengine wakaacha kazi zao kuja kutazama. Mmoja akaniuliza kama maji yakichemka nitasonga ugali. Mwalimu wangu hakucheka wala hakunitetea. Aliendelea kugeuza samaki, na kila aliyegeuzwa ulikuwa mtihani mwingine.

Hivyo ndivyo alivyonifundisha, kwa samaki. Kwanza kibua, ambaye ni mwembamba na anaiva upesi. Nilipoweza kumaliza upande mmoja wa kibua bila maji kunyamaza, na hilo lilinichukua siku tano, akanipandisha kwa changu. Baada ya changu ni kipande cha nguru, kinene, ambacho upande wake mmoja haupiti bila mpulizaji kumkumbuka Mungu wake. Sijapata kuona mwalimu mwenye kipimo cha haki kama kile. Hakunisifu na hakunikemea. Samaki akigeuzwa maji yanatokota, umefaulu. Maji yamenyamaza, rudi kwenye kreti. Na wakati huo huo alikuwa anauza, anarudisha chenji, anagombana na mleta kuni, na hakuunguza samaki hata mmoja.

Jioni kabla ya giza nilifanya mazoezi uani kwetu, na karai la kufulia. Mama mwenye nyumba alikuwa akipita na ndoo yake anasimama. "Sabuni hukuleta," aliniambia siku moja, "sasa ndiyo unapuliza maji yatoe povu?" Wapangaji wote walicheka, na mimi nikacheka, na maji yakanyamaza.

Wiki ya pili mkaanga samaki akanipa zumari. Alikuwa nalo moja la ziada alilolichonga mwenyewe, mti mweusi uliopanuka mdomoni, na juu yake kisahani cha kifuu cha nazi kilicholainishwa, ambacho midomo inakiegemea. Ulimi wake ulikuwa kipande cha jani la mti wa mvumo, jamii ya mnazi, kilichokunjwa na kufungwa kwa uzi, na unauweka wote ndani ya kinywa. Nilimuuliza ulimi ukipasuka anafanyaje. Alinitazama kama niliyeuliza chumvi ikiisha baharini. "Nakata jani jingine."

Nilimwonyesha na fluti. Nilikuwa nimeibeba kwa aibu, kwa kuwa siku zilikuwa zinakwenda na boksi sijalifungua. Aliishika kwa ncha za vidole asiitie mafuta, akaniomba nipulize. Nikapuliza. Akasikiliza, akaweka kiganja chake mbele ya midomo yangu, akahisi upepo unavyopita nje ya tundu.

"Nusu ya pumzi inakwenda wapi?"

"Inamwagika nje, kaka. Ndivyo ilivyo."

"Hiki ni chombo cha matajiri," akasema, akanirudishia. "Watu hawana sukari, wewe unamwaga pumzi?"

Tulicheka, lakini kicheko changu kilikuwa na wasiwasi ndani yake. Mwalimu wa bendi alikuwa ameandika fluti kwenye daftari. Na kulikuwa na jambo jingine lililonitia hofu zaidi. Siku moja mazoezini, katikati ya wimbo niliouzoea, mashavu yangu yalivimba yenyewe na sauti ya klarineti ikapinda. Mwalimu alinyanyua macho kutoka kwenye karatasi zake. Nikajua sasa kwamba ninachojifunza asubuhi kinakula ninachojua mchana. Mtu mwenye busara angelirudisha zumari Feri siku hiyo.

Mimi kesho yake niliwahi Feri mapema zaidi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelewa na yule mtu. Wateja walipopungua alikuwa anakwenda nyuma ya makreti, anafungua aproni, anapuliza kwa muda mfupi tu. Alianza chini, taratibu, halafu sauti inapanda na kukaa huko juu, na ukisikiliza unajikuta wewe ndiye uliyebana pumzi badala yake. Uso wake haukubadilika. Mashavu yalijaa na kushuka, macho yako kwingine, kana kwamba anakumbuka kitu alichokisahau nyumbani. Nimesikia wapuliza wengi tangu hapo, wengine wa majina makubwa. Hakuna aliyenifanya nijisikie mdogo na mwenye furaha kwa pamoja kama yeye.

Jumapili ya wiki ya tatu nikalivuta boksi la fluti chini ya kitanda. Nikaifuta vumbi, nikaiangalia ilivyong'aa, nikairudisha. Hapo ndipo nilipochagua ala yangu ya pili, ingawa sikumwambia mtu.

Siku ya kupimwa ilifika. Kumbe mmoja wa wale wa saksafoni alikuwa ameshapata bendi mjini Tanga, amekwenda zake bila kuaga. Tukabaki wawili kwa nafasi mbili. Mwenzangu akapita kwa saksafoni na kwa klarineti aliyoiazima kwangu, vizuri tu. Mimi nikaanza na klarineti. Nikamweka mtawa kichwani, mashavu yakatulia, nikapiga bila kosa. Kisha fluti. Sitaki kuieleza ile fluti. Ilitoka hewa, na katika hewa palikuwa na noti mbili tatu zilizopotea njia.

"Boksi hili umelifungua mara ngapi?" mwalimu akauliza.

"Mara tatu, mwalimu."

Alipenda ukweli, na ukweli ule haukumsaidia. Kabla hajaandika chochote nikamwomba ruhusa, nikatoa zumari kwenye mfuko wangu wa kiondo. Mpiga gitaa mmoja akaguna. Nikajaza mashavu, nikapiga wimbo wa kumtoa bibi harusi, mfupi, ila nikaushikilia mwisho wake, nikaushikilia, kipande kizima cha nguru na ziada. Wapishi wakatoka jikoni na miko yao. Mwalimu alinizunguka akiyaangalia mashavu yangu kutoka pande zote mbili. Nilipomaliza nilikuwa naona nyota.

"Nani amekufundisha hivyo?"

Nikamwambia: mkaanga samaki wa Feri.

"Kesho mlete."

Nilirudi Kariakoo natembea hewani. Nilidhani anataka kumhoji mwalimu wangu kabla ya kuniandika. Hivyo ndivyo nilivyoielewa, kwa sababu ndivyo nilivyotaka iwe. Nafasi zilikuwa mbili, watu wawili, na mtu angehitaji ujinga wa pekee kuiharibu hesabu hiyo.

Kesho yake akaja. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na hata hivyo harufu ya mafuta ya samaki ilikuja naye. Hakukaa kwenye kiti mpaka alipoambiwa. Mwalimu akatuamuru tupige wimbo wetu mmoja wa dansi, akamwambia aingie atakapotaka. Mzunguko wa kwanza hakuingia. Alisikiliza, kichwa ameinamisha. Mzunguko wa pili, pale ambapo magitaa huwa yanapungua kumsubiri mwimbaji, mahali ambapo miaka yote tulikuwa tunapaacha wazi bila kujua pana nini, akaingia.

Mpiga gitaa la besi aliacha kupiga, mwalimu akampungia mkono kwa ukali aendelee. Mimi klarineti ilikuwa mdomoni na sikuwa napuliza. Nilikuwa namsikiliza akipita juu ya wimbo tulioupiga mara mia, akiufanya uwe wa hapa hapa, wa barabara zetu, na bado dansi ni dansi. Machozi yalinitoka, nasema wazi.

Wimbo ulipokwisha mwalimu akanitoa nje mimi peke yangu, tukasimama penye bomba la kunawia.

"Sitakudanganya," akasema. "Nina nafasi moja iliyobaki. Wewe ni mpiga klarineti mzuri. Wapiga klarineti wazuri naweza kuwapata. Yule sijawahi kumsikia, na ninyi nyote mnapita Feri kila siku. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyemleta, kwamba bila mimi angekufa bila kumjua, kwamba nina haki. Niliona bohari, nikasikia yule msimamizi akiita. Na wakati huo huo nilijua jibu. Nililijua tangu nilipokuwa mtu wa tisa kutoka mlangoni.

"Ningemchukua yeye," nikasema.

"Nenda kamwambie mwenyewe, basi."

Nilimkuta ameketi kwenye benchi la bwalo, zumari magotini. Nikampa habari. Nilitegemea akatae kidogo, kwa adabu, aseme hawezi kuninyang'anya riziki, nami nimbembeleze, halafu tuone. Hakukataa. Aliinamisha kichwa, na alipokiinua macho yalikuwa mekundu.

"Ijumaa zote," akasema, "mnapofanya mazoezi ya mwisho, mimi huwa nimesimama nje ya ukuta huu. Mwaka wa sita sasa. Nafunga biashara mapema, nakuja, nasimama kwenye ule upande wa lango la malori. Wewe nilikujua kabla hujala kibua changu. Wewe ndiye yule unayekata pumzi katikati ya maneno."

Wiki nne nilikuwa nimekaa kando ya karai lake. Nilimuuliza juu ya mashavu, juu ya ulimi, juu ya kila tundu la zumari. Sikumuuliza hata siku moja yeye anataka nini. Nilimwona mtu aliyekamilika, na aliyekamilika humuulizi. Nikaona aibu mbele yake kuliko nilivyopata kuona mbele ya mtu yeyote, na hasira yangu yote ikaishia pale.

"Hongera, kaka," nikasema, na nilimaanisha.

Akanishika mkono, akausahau mkononi mwake. Halafu akakumbuka jambo. "Jumamosi kuna harusi Ilala. Niliwaahidi. Na Jumamosi bendi inapiga." Akanitazama. "Utakwenda wewe."

"Kaka, mimi nina wiki nne tu."

"Utakwenda wewe," akarudia, kwa sauti ile ile ya kibua au changu.

Ijumaa nilikabidhi shati la bendi na boksi la fluti; Jumatatu bohari lilikuwa linanisubiri. Jumamosi nikaenda Ilala na zumari lake la ziada. Wapiga ngoma walinipokea kwa mashaka, na sikuwalaumu. Tukatoka. Wanawake nyuma yangu, ngoma pembeni, jua la saa tisa, na barabara mbele yangu ndefu kuliko kipande chochote cha nguru kilichowahi kukaangwa. Nilianza vizuri. Ghala likauza, mapafu yakanunua, nikaipita kona ya kwanza, nikaanza kuamini.

Karibu na nyumba ya bibi harusi pumzi ikanikatika. Haikupungua, ilikatika. Nilivuta kwa pua hapakuwa na kitu, mashavu yalikuwa matupu, na zumari likanyamaza mdomoni mwangu katikati ya barabara, watu wametoka milangoni kutazama. Nilifikiri, hapa napo hapana nafasi yangu.

Lakini kimya hakikuja. Wanawake walikuwa wameshaipokea ile noti, pale pale nilipoiacha, juu kule kule, kwa sauti zao, na wakaibeba kama kwamba ndivyo ulivyopangwa wimbo. Bibi mmoja mnene aliyekuwa karibu yangu hakuacha kuimba, alinigusa tu kiwiko kwa kiwiko chake na kunionyesha kwa kidevu: tulia. Nikatembea nao hatua kumi na tano, ishirini, nikivuta hewa ya Ilala kwa kinywa wazi bila aibu. Nilipojaa, aligeuka akanitazama, na wote wakashusha sauti zao kidogo, wakinisubiri niingie.

Nikaingia.